Shule Zetu za Umma: Tuanzie Wapi?

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya wazazi na wakaazi, mbele ya mkutano wa wazazi, walimu na wanachama wa bodi za shule, Kawangware, Nairobi)



Tunajua kwamba wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, kwamba wako waliotembea kutoka Kangemi, na kwamba wako akina mama waliofunga vibanda vyao mapema na kuyapoteza mauzo ya jioni. Aliyepoteza mauzo ya jioni hastahili kulipwa maneno matupu. Kwa hivyo tutasema waziwazi, na tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Tulipokutana mara ya kwanza kuzungumzia shule zetu, tuliandika orodha. Kila aliyeinua mkono aliandikwa. Madarasa, madawati, vyoo, walimu, ukuta, basi, kompyuta, maabara, uwanja wa mpira, chakula, lango jipya. Mwisho wa siku tulikuwa na madai 31. Tuliipeleka orodha hiyo katika afisi tatu. Afisi ya kwanza ilituambia kwamba kazi hiyo si yake. Ya pili ilipiga muhuri na kutuaga kwa adabu. Katika afisi ya tatu, karani mmoja alituuliza swali ambalo halijatutoka akilini hadi leo: "Kati ya haya yote, mnataka lipi lifanywe kwanza?" Tulitazamana. Hatukuwa na jibu.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sisi tulikuwa tumeshika 31, na zote zikatuponyoka. Leo tumekuja na machache, na tumekuja kueleza kwa nini tumechagua haya na kuyaacha mengine. Mkiyakataa, mtakuwa mmekataa jambo lenye kueleweka, na hiyo itakuwa hatua mbele.

Ndugu wananchi, hebu tukumbushane tulikotoka, kwani asiyejua alikotoka hawezi kujua aendako. Shule za jiji hili hazikujengwa kwa ajili ya wote. Chini ya ukoloni watoto walitengwa kwa rangi: Wazungu na shule zao, Wahindi na zao, Waafrika na zao. Ndiyo maana hata leo shule za Kilimani, Lavington na Westlands zina viwanja vipana na miti mikubwa, ilhali shule za mitaa ya wafanyakazi zimebanwa kama ndizi sokoni. Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza elimu moja kwa taifa moja. Rangi iliondolewa katika milango ya shule. Mipaka ya viwanja ilibaki palepale ilipochorwa.

Kisha zikaja ahadi za elimu ya bure. Mwaka wa 1974 karo iliondolewa kwa madarasa ya chini. Mwaka wa 2003 serikali mpya iliyoingia kwa kura ya vyama vingi iliondoa karo katika shule zote za msingi, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Januari hiyo, wazazi wa Kibera walimiminika katika Shule ya Msingi ya Olympic hata lango likawa dogo. Ilikuwa furaha kubwa, nasi hatutaisahau. Lakini mgao uliotengewa kila mtoto ulikuwa shilingi 1,020 kwa mwaka. Baadaye ulipandishwa ukafika 1,420. Gawanyeni wenyewe: ni chini ya shilingi 4 kwa kila siku ya mwaka. Watoto waliongezwa; madarasa, walimu na vyoo havikuongezwa kwa kipimo hichohicho.

Matokeo yake mnayaona kila asubuhi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 430,000 katika Dagoretti na zaidi ya 308,000 katika Westlands. Shule za umma zilizoko haziwatoshi watoto wa watu hao wote, na wengi husoma katika shule za kibinafsi za mabati na mbao. Tarehe 23 Septemba 2019, jengo la mojawapo ya shule hizo liliporomoka huko Ng'ando, na watoto wakafa wakiwa darasani. Wako waliouliza kwa nini wazazi waliwapeleka watoto pahali kama pale. Swali la haki lilikuwa jingine: shule ya umma iliyokuwa karibu iliyokuwa na nafasi ilikuwa wapi?

Sasa tuulize: ni nani mwenye jukumu? Hapa ndipo wengi wetu tumepotezewa miaka kwa kubisha mlango usiofaa. Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 53 kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Katiba hiyohiyo imegawa kazi. Elimu ya chekechea ni ya serikali ya kaunti. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Walimu huajiriwa na kupangwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Madarasa mengi yamejengwa kwa fedha za ustawi wa maeneo bunge, zilizoanza 2003. Maji na usafi ni wajibu wa kaunti. Anayemlilia gavana kuhusu uhaba wa walimu, na anayemlilia mwalimu mkuu kuhusu bomba la maji la mtaa, wote wawili wanalia pasipo na masikio. Dai lisilo na anwani ni barua isiyo na stempu.

Kutokana na hayo, tunaleta mbele yenu malengo matatu. Si malengo ya milele. Ni malengo ya mihula mitatu ijayo, na kila moja lina kipimo ambacho mzazi asiye na cheti chochote anaweza kukitumia.

Lengo la kwanza: kila mtoto amalizapo Gredi ya 3 awe anasoma, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kuelewa anachosoma.

Mtauliza, mbona tusianze na mitihani? Kwa miaka mingi tulizipima shule zetu kwa alama za KCPE. Tulibandika alama ya wastani langoni, tukambeba mwalimu mabegani ilipopanda na kumfukuza iliposhuka. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na bado wengi wetu tunatafuta alama nyingine ya kubandika. Lakini alama ya mwisho huja mtoto akiwa amechelewa. Kuanzia 2009, shirika la Uwezo lilikwenda nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, na mwaka baada ya mwaka lilikuta kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Mtoto wa namna hiyo hafeli mtihani wa mwisho. Alifeli zamani, kimyakimya, akiwa na umri wa miaka minane, na hakuna aliyepiga kengele. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwamba jambo hili lawezekana, tumeona kwetu na ugenini. Mpango wa Tusome, ulioanza 2015 katika shule zetu, ulimpa kila mtoto wa madarasa ya mwanzo kitabu chake mwenyewe cha kusoma badala ya kitabu kimoja kugombewa na watano. Katika mji wa Sobral, eneo maskini la kaskazini-mashariki mwa Brazil, wakuu wa mji waligundua karibu 2001 kwamba watoto wengi walikuwa wakipanda madarasa bila kujua kusoma. Waliweka lengo moja mbele ya yote, kila mtoto asome mapema, na wakaacha kuwateua walimu wakuu kwa urafiki wa kisiasa. Kufikia 2017 shule za mji huo zilikuwa kileleni katika kipimo cha kitaifa cha Brazil.

Kipimo chetu kitakuwa rahisi. Mara moja kila muhula, mtoto wa Gredi ya 3 atasoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya mwalimu wake na mzazi wake. Basi. Hakuna alama ya kutangazwa, hakuna mtoto wa kuaibishwa.

Mwalimu mmoja alitujibu kwa uchungu, na tunamheshimu kwa ukweli wake. Alisema: "Nina watoto 80 darasani. Benchi la watatu linakaliwa na watano. Mnataka nimsikilize kila mmoja akisoma?" Mwalimu huyo hakosei. Walimu wa kutosha ni wajibu wa TSC, nasi tutaiandikia Tume hiyo kwa idadi, shule kwa shule. Lakini liko jambo ambalo halingoji Nairobi kuu wala Hazina. Kwa desturi, mwalimu hodari kuliko wote hupewa darasa la mtihani, na mgeni wa kazi hupelekwa kwa wadogo. Tunaomba desturi hiyo igeuzwe. Mwalimu hodari na awekwe Gredi ya 1. Uamuzi huo umo mikononi mwa mwalimu mkuu, na hauhitaji hata shilingi moja.

Lengo la pili: vyoo vyenye milango, na maji yanayotoka.

Tunakiri kwamba lengo hili halikuwa letu. Katika rasimu yetu nafasi ya pili ilikuwa ya kompyuta. Mama mmoja alisimama, akasema kwamba binti yake, aliye Gredi ya 7, hanywi maji tangu asubuhi hadi arudipo nyumbani saa kumi, ili asije akahitaji kwenda chooni shuleni. Ukumbi ulinyamaza. Kisha mama wa pili akasema wake pia. Na wa tatu. Tulifuta kompyuta usiku huohuo.

Fikirini. Tangu 2023, wanafunzi wa sekondari ya msingi, Gredi ya 7 hadi 9, wamo ndani ya viwanja vya shule za msingi. Vyoo vilivyohesabiwa kwa ajili ya watoto wadogo sasa vinatumiwa na wasichana wa miaka 12 hadi 15. Sheria ya 2017 iliitaka serikali kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Ni sheria njema. Lakini sodo bila mlango wa choo na bila maji ni msaada uliokatwa katikati, na msichana anayekaa nyumbani siku nne kila mwezi hawezi kulifikia hata lile lengo la kwanza.

Kipimo: siku yoyote, bila kutoa taarifa, wazazi wawili waliochaguliwa wahesabu milango iliyopo, makufuli ya ndani na mabomba yanayotoa maji. Hesabu hiyo ibandikwe langoni, pale tulipozoea kubandika alama. Anwani ya dai la maji ni kaunti. Kaunti hii imeonyesha kwamba ikitaka yaweza: tangu 2023, kupitia mpango wa Dishi na County, maelfu ya watoto wa shule za umma hula chakula cha mchana kwa shilingi 5. Tumeshukuru kwa sahani. Sasa tunaomba bomba la kunawia mikono kabla ya sahani.

Lengo la tatu: kila shule iwe na hatimiliki ya ardhi yake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mawakili. La hasha. Tukiomba madarasa tutayajenga wapi? Tume ya Ndung'u, iliyoripoti 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, pamoja na ya shule, ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na jinsi ugawaji huo ulivyozidi nyakati za chaguzi za 1992, 1997 na 2002. Yatafakarini hayo, wananchi. Tulipigania vyama vingi, na kifungu cha 2A kikaondolewa Desemba 1991. Kisha chaguzi zilezile tulizozipigania zikawa msimu wa kuwazawadia watu kwa viwanja vya watoto wetu. Mwenye shule alikuwa umma, na umma haukuwa na karatasi.

Na mambo hayo si ya kale. Tarehe 19 Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirudi shuleni wakakuta ukuta umezungushwa kwenye uwanja wao wa michezo. Waliusukuma ukuta huo kwa mikono yao, na polisi wakawarushia vitoza machozi. Dunia nzima iliona picha. Uwanja ulirejeshwa, lakini je, ni haki mtoto aliyevaa sare awe ndiye mlinzi wa mwisho wa ardhi ya umma? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba ufa, na ukuta ukajengwa na wengine.

Kipimo: mwisho wa mihula mitatu, kila bodi ionyeshe wazazi hatimiliki, au barua yenye muhuri inayoonyesha kwamba ombi limepelekwa wizara ya ardhi na Tume ya Kitaifa ya Ardhi na limefikia wapi. Shule zilizo katikati mwa jiji zisidhani kwamba ziko salama kwa kuwa zinajulikana. Ardhi iliyo ghali ndiyo yenye wachumba wengi.

Hayo ndiyo matatu. Lakini mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo yetu ni uwazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliweka bodi ya usimamizi katika kila shule, na ndani yake wazazi sita waliochaguliwa na wazazi wenzao. Tuulizane kwa haki: ni wangapi hapa wamewahi kupiga kura hiyo? Ni wangapi wanaweza kuwataja wazazi sita wa bodi ya shule ya mtoto wao? Tuliwakemea wakubwa waliojichagua wenyewe, ilhali tunawaacha watu sita wateuliwe kwa kunong'ona nyuma ya afisi ya shule. Demokrasia inayoishia kwenye debe la kura la miaka mitano, bila kufika kwenye lango la shule, ni nguo ya sherehe.

Mjini Chicago, Marekani, wazazi walipata kwa sheria ya 1988 mabaraza ya kuchaguliwa katika kila shule, yenye wazazi sita pia, na yenye uwezo wa kumchagua mwalimu mkuu. Je, shule zote zilinawiri? Hapana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walizifuatilia kwa miaka mingi na kukuta kwamba zilizoinuka ni zile ambamo uongozi, walimu, wazazi na mafundisho yenyewe vilikazwa kwa pamoja, na ambamo walimu na wazazi waliaminiana. Uchaguzi ulifungua mlango tu. Kuingia kulibaki kazi ya watu.

Kwa hivyo tunataka kila muhula karatasi moja ibandikwe: fedha zilizopokewa, zilizotumiwa, na kilichonunuliwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwalimu mkuu mwaminifu hatadhurika na karatasi hiyo. Itamkinga dhidi ya fitina.

Sasa tuseme tuliyoyaacha, kwani kuchagua bila kusema umeacha nini ni ujanja. Tumeacha basi, lango na kompyuta. Jambo lililotuuma ni maabara. Wazazi wa watoto wa Gredi ya 9 watatuambia kwamba watoto wao hawatangoja mihula mitatu, na ni kweli, hawatangoja. Hatuna jibu la kuwafurahisha. Maabara moja ingemeza fedha za vyoo vya shule kadhaa. Tunachoweza ni kuziomba shule za sekondari za upande huu wa jiji, ambazo zimekuwa na maabara tangu kabla ya Uhuru, ziwafungulie watoto wa jirani milango siku ambazo vyumba vyao viko tupu. Ni kidogo. Tunalisema kama lilivyo, kidogo.

Wananchi wapendwa, orodha ya mambo 31 ilikuwa rahisi kuiandika kwa kuwa haikumkasirisha yeyote. Hii ya mambo matatu itawakasirisha baadhi yenu, na huenda mkaibadilisha kabla ya jioni hii kwisha, kama mama yule alivyoibadilisha. Ibadilisheni. Ila tukiondoka hapa, tuondoke na idadi inayoshikika mkononi, kila dai na anwani yake, kila anwani na tarehe yake.

Nasi wanakamati tunajifunga kwa kipimo hichohicho. Baada ya mihula mitatu tutarudi katika ukumbi huu tukiwa na hesabu ya kurasa zilizosomwa, milango iliyowekwa na hatimiliki zilizopatikana. Tukija na maneno matupu, mtuondoe kwa kura, mchana, mbele ya watoto, ili nao wajifunze jinsi kiongozi anavyoondolewa.

Na siku ile karani atakapotuuliza tena lipi lifanywe kwanza, asitukute tukitazamana.